Uzito Ukirudi

Karakana, 4 Februari

Mdogo wangu Kijiko,

Usishtuke kuona barua wakati simu ninayo mkononi. Baba, tangu macho yaanze kufifia, masikio yake yamekuwa ya kutisha. Anakaa na kiti chake pale mlangoni mwa karakana, na kila nikiongea na simu anajibu yeye kabla yako. Haya ninayotaka kukuuliza sitaki ayasikie. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kuifikisha mpaka getini kwenu. Nijibu kwa njia hiyohiyo.

Bei ya fedha imepanda tena. Sisemi pesa, nasema fedha yenyewe, haya madini yaliyotulea. Nimefua tangu nikiwa msichana mdogo na sijawahi kuona kitu kama hiki. Kinyozi wa jirani, ambaye mwaka jana hakujua fedha na bati vinatofautianaje, sasa ananyoa huku redio ikimsomea bei. Juzi alimwacha mteja na ndevu upande mmoja akaja mbio kuniuliza anunue leo au angoje kesho. Nilimwambia amalize ndevu kwanza.

Halafu kuna mnunuzi mmoja mwenye gari jeupe. Anakuja kila wiki, anachukua chochote: vijiko, vikuku, mikufu iliyokatika. Hadondoshi tindikali, hasugui, haulizi imechanganywa na nini. Anaweka kwenye mizani, analipa, anaondoka. Mtu anayenunua fedha bila kuijaribu ananitia hofu kuliko mwizi.

Kasha letu la chuma limejaa pomoni. Watu wanaogopa kuvunjiwa nyumba, wanatuletea vitu vyao tuwawekee. Mwalimu mstaafu ameleta mkanda wa bibi yake, mama muuza vitambaa ameleta bangili zote alizonazo, mzee wa mashine ya kusaga naye hakubaki nyuma. Kawaida ya Baba unaijua: mteja harudishiwi kitu chake, anarudishiwa uzito wake. Bangili ya huyu inayeyushwa leo iwe mkufu wa yule, na mwenye bangili akija tunamfulia nyingine ya uzito uleule. Hajawahi kulalamika mtu. Uzito ukirudi, neno limekwisha.

Sasa la Baba. Daktari wa macho amesema mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili na presha ya jicho inakula kilichobaki. Apasuliwe mapema, la sivyo giza litakaa moja kwa moja. Alipotaja gharama nilijikuta naangalia viatu vyake, sikuwa na pa kuangalia pengine.

Wewe uko kwenye kiwanda kinachotumia fedha. Niambie kwa akili yako yote: hii bei ni ya kweli, au ni povu la sabuni? Mimi nasema povu.

Dada yako


Stoo ya kiwanda, 15 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Mlinzi wa getini alidhani ni barua ya mapenzi, sasa kiwanda kizima kinanitania. Ahsante sana.

Nikujibu bila kuzunguka: si povu. Kinyozi wako ni kelele tu, mlaji wa fedha ni sisi. Kila paneli ya sola tunayotengeneza ina mistari myembamba ya fedha, ndiyo inayobeba umeme. Fedha inakuja kama uji mzito ndani ya makopo, na makopo yote yanapita mikononi mwangu kwa kuwa funguo za stoo ni zangu. Nilipoanza kazi palikuwa na zamu moja. Leo ziko tatu, na usiku mashine hazipoi. Viwanda kama chetu viko vingi mno. Na migodi haiwezi kuongeza fedha kwa sababu tu bei imependeza, maana fedha nyingi huchimbwa ikiwa imeambatana na shaba au risasi. Wanaochimba wanafuata shaba, fedha wanaipata pembeni. Walaji wameongezeka, chakula ni kilekile. Bei itapanda tu.

Mimi mwenyewe nilitaka kununua kidogo. Wifi yako akasimama mlangoni na mikono kiunoni: pesa ya mabati ni ya mabati. Nyumba yetu bado inaangalia mawingu, kwa hiyo nikanywea.

Kwa hiyo usiuze hata kipini. Nakujua, ukiishika hoja huiachii hata ikikuunguza. Ya Baba tutachanga, nipe muda.

Mdogo wako,
Kijiko


Karakana, 2 Machi

Mdogo wangu,

Nimeuza. Nisikudanganye kwamba barua yako ilichelewa. Ilifika asubuhi, niliuza mchana.

Mnunuzi alikuja na gari lake jeupe, nikafungua kasha, nikamwaga kila kitu mezani isipokuwa bangili za marehemu Mama. Mkanda wa mwalimu, bangili za mama muuza vitambaa, vyote. Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Nilimwangalia usoni nikaona hata yeye hajui anachonunua, anajua tu kwamba kesho atampata wa kumuuzia. Hapo ndipo nilipopata uhakika. Kiwanda chako kinakula, sikatai, lakini mlaji akiona chakula kimekuwa ghali anatafuta kingine. Bei haiwezi kupanda hivi kwa mwaka mmoja ikabaki juu.

Hesabu yangu ni rahisi. Bei ikirudi ilipokuwa mwaka jana, nanunua uzito wote uleule, naurudisha kwenye kasha, na kinachobaki ni cha macho ya Baba na zaidi. Si wizi. Ni kitu tunachofanya kila siku hapa karakana, ila safari hii fedha imetoka nje ya mlango kwa muda. Daktari nimeshamlipa. Alitaka yote kabla ya kumgusa. Baba anapasuliwa mwezi huu.

Jambo moja linaninyima raha. Unajua jioni Baba hupenda kufungua kasha apapase ile mifuko kabla ya kufunga. Nimejaza vyuma chakavu kwenye mifuko ileile. Jana alishika wa mwalimu, akaupima mkononi, akatabasamu. Akaniambia, "Mama, hawa watu wanatuamini." Nilikwenda uani nikajifanya napuliza mkaa.

Usimwambie chochote. Subiri uone, bei itaanguka.

Dada


Stoo, 10 Machi

Dada,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaketi juu ya kreti. Shikamoo yako utaipata nikitulia.

Umeuza vitu vya watu! Sawa, tuseme wewe ndiye mwenye akili na mimi ni bwege. Tuseme ni povu kweli. Nani amekuambia litapasuka kabla wenyewe hawajaja kuchukua vyao? Bei ikipanda, jambo la kwanza watakalofikiria hao watu ni kuuza. Na wakitaka kuuza watakuja wapi? Kwenye kasha letu. Hilo hukuliona? Miaka yote umewajua, hukuliona?

Redio imetangaza asubuhi hii. Imepanda tena, na si kidogo.

Nunua sasa. Hata kwa hasara, hata nusu. Nimeongea na wifi yako, nimemwambia ni kwa ajili ya hospitali ya Baba, akaingia ndani akaleta pesa ya mabati. Iko kwenye bahasha hii. Kanunue leo hii, Dada. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.

Kijiko


Karakana, 29 Machi

Mdogo wangu,

Wifi nimeiona pesa yake na nimelia. Mwambie nitamjengea paa kwa mikono yangu.

Sikununua. Nilikwenda kwa mnunuzi siku ileile bahasha ilipofika. Pesa yako na yangu zote pamoja hazikufika hata nusu ya uzito niliouza. Nikajiambia, nikinunua bei ikiwa juu kabisa nitakuwa nimejichinja mwenyewe, kesho inaanguka. Nikarudi nayo nyumbani. Kesho yake ikapanda. Tangu siku hiyo kila kesho inapanda.

Mwalimu mstaafu amekuja. Ulisema, sina la kujitetea. Mjukuu wake amemshauri auze wakati bei ni nzuri. Nikamwambia arudi jioni, nikachukua bangili za Mama. Zile tatu, Kijiko, ambazo Baba alimfulia mwaka uliozaliwa. Nikaziweka kwenye chungu cha kuyeyushia. Baba alikuwa kitandani chumba cha pili, jicho moja limefungwa bendeji, akauliza nayeyusha nini. Nikasema shaba. Akasema shaba hainuki hivyo.

Mwalimu alipata uzito wake. Alinishika mikono miwili, akasema mji mzima hauna mtu mwaminifu kama sisi. Sasa atawaambia wenzake, najua, atawaambia kwa nia njema.

Upasuaji umekwenda vizuri. Jicho la kwanza limefunguliwa jana. Jambo la kwanza aliloliona ni mikono yangu, akaniambia nimezeeka. Tulicheka mpaka muuguzi akaja. La pili linafunguliwa baada ya wiki mbili. Ninapaswa kufurahi. Nafurahi kweli, halafu naona kwamba atakuja kufungua kasha na kuangalia, na hapo furaha inakauka.

Dada


Stoo, 8 Aprili

Dada, shikamoo.

Soma hii kisha uichome jikoni.

Wiki hii yameingia mapipa ambayo hayamo kwenye oda zangu za kawaida. Nikaambiwa niyaweke nyuma, nifunge, nisiulize. Mimi ni mtunza stoo, nisipouliza ninaangalia. Ni shaba. Mhandisi mkuu amekuwa akijifungia na mashine moja, leo nimeona paneli alizotoa. Mistari yake si ya fedha. Inafanya kazi, Dada. Inabeba umeme sawasawa. Fedha imekuwa ghali mno, wamechoka kuila.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi na mimi sikuwa sahihi. Wakishatangaza, bei itaporomoka. Hatujui lini. Inaweza kuwa mwisho wa mwezi, inaweza kuwa mwezi wa sita. Nilikuambia ununue, sasa nakuambia usinunue. Shikilia hiyo pesa. Wazungushe wateja, sema unaumwa, sema tanuri limepasuka, sema lolote. Kitu unachohitaji ni muda tu.

Nimeandika hayo nikaona ninavyoongea. Mimi ndiye niliyekufokea.

Kijiko


Karakana, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Muda hakuna.

Mama muuza vitambaa alikuja, nikasema tanuri limepasuka. Mzee wa mashine ya kusaga alikuja, nikasema mgongo. Walikuja wengine. Asubuhi moja nilipofungua mlango walikuwa wamekaa kwenye ngazi kama watu wanaosubiri zahanati ifunguliwe. Hawana hasira. Wananisalimia vizuri, wananiuliza mgongo unaendeleaje, halafu wanaendelea kukaa. Afadhali wangenitukana.

Jana Baba alifunguliwa jicho la pili. Alirudi nyumbani anasoma maandishi ya mabango njia nzima kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mlangoni akawakuta. Akawauliza shida nini, wakamwambia wanataka vyao. Akasimama katikati yao, akawaambia: "Jumamosi ya mwisho wa mwezi njooni wote. Nitawapimia mwenyewe, kwa macho haya. Miaka minne nimepapasa, sasa nataka kuona mshale wa mizani ukisimama katikati."

Walimpigia makofi.

Amechukua ufunguo wa kasha. Anasema hataki kufungua kabla ya siku yenyewe, anataka kuuona weupe wote kwa mara moja. Ameuning'iniza shingoni. Usiku nausikia ukigonga vifungo vya shati lake anapogeuka.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nimewaza kumwambia kabla ya siku hiyo, nikafika mpaka mlangoni kwake mara mbili. Mtu amerudishiwa macho juzi, nimpe hili ndilo la kuangalia?

Dada


21 Aprili

Dada,

Kondakta anakuletea boksi lililoandikwa vipuri. Liko zito, mpe pesa ya soda. Ndani kuna vipande vya fedha safi. Vina mhuri wa kiwanda, kwa hiyo yeyusha vyote kabla hujafanya lolote. Nimepima mwenyewe, vinatosha kasha zima. Ufunguo wa akiba uko nyuma ya picha ya Mama, Baba hajui kwamba najua.

Usiulize. Usiandike mpaka nikuandikie. Ukisikia chochote, kaa kimya. Hilo la kukaa kimya nalirudia kwa sababu nakujua.

Msalimie Baba. Mwambie nataka anione na hizi ndevu.

K.


Nyumbani, 30 Aprili

Wifi yangu, shikamoo.

Nakuandikia bila ruhusa ya mume wangu. Amenikataza kukuandikia wewe hasa. Amesema, "Dada atafanya jambo." Nimeona ni kukuficha bure, damu yako ni yako.

Wamemchukua. Watu wawili wenye nguo za kiraia walikuja na meneja wa kiwanda tukiwa tunakula. Wanasema hesabu ya stoo ina upungufu. Kuna fedha wanayoitoa kwenye paneli zilizoharibika, wanaiyeyusha na kuifanya vipande, na vipande hivyo vimepungua. Mume wangu hakubisha wala hakukubali. Alinawa mikono, akavaa viatu, akaniambia nifunike chakula.

Wifi, namjua huyu mtu. Akichukua kalamu ya kazini kwa bahati mbaya anairudisha. Ni kosa la hesabu.

Nilikwenda kwa meneja nikapiga magoti, usinicheke. Hakunifokea. Alisema wao hawana ugomvi na mtu, wanataka fedha yao irudi, basi. Nikamwambia itarudije kutoka kwa mtu ambaye hakuichukua?

Na juu ya hayo kiwanda kimetangaza kwamba kinaacha fedha, kinatumia shaba. Redio nzima ni hiyo. Jirani yetu aliyeuza pikipiki akanunua fedha amejifungia ndani tangu jana. Zamu mbili zimefutwa. Sijui kama hata akitoka atakuwa na kazi.

Niombee. Nyumba haina paa, sasa haina mtu.

Wifi yako


Karakana, 5 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Ondoa wasiwasi. Barua hii itakufikia siku moja na mimi mwenyewe, maana napanda basi kesho. Nimeona nikuandikie usije ukanipokea kwa maswali mlangoni, nikashindwa kuyasema nikikutazama.

Fedha iliyopotea kiwandani aliichukua mume wako. Aliichukua kwa ajili yangu. Ile pesa yako ya mabati nayo haikwenda hospitali. Niliuza vitu vya wateja wetu nikitegemea bei itaanguka, haikuanguka kwa wakati, na Baba akawaita watu wote siku moja. Mdogo wangu akanitumia boksi. Nililia usiku kucha huku nayeyusha. Siku ile Baba alifungua kasha, akapima, kila mtu akapata uzito wake. Alikuwa akiinama mpaka pua inagusa mizani, si kwa sababu haoni, kwa raha tu ya kuona. Watu walimbeba mabegani. Nami nilisimama pale natabasamu kama mjinga.

Wiki hiyohiyo, tangazo la kiwanda. Bei iliporomoka mchana kutwa, ikaporomoka tena kesho yake. Kinyozi alikuja na gunia la vijiko analia, mnunuzi wa gari jeupe alikuja anauza alichokuwa ananunua. Gari hana tena, alikuja kwa miguu. Nilinunua kwao. Nilichobakiza, pamoja na pesa yako ya mabati, kilitosha uzito wote wa boksi lile, na bado nikaongeza kidogo juu, kwa usumbufu. Kila anayepita hapa ananiambia nilikuwa sahihi. Baba naye ameniambia. Sijawahi kusikia neno chungu kama hilo.

Lakini sasa sikiliza, hapa ndipo furaha inaporudi. Meneja amekuambia wanataka fedha yao tu. Ninayo. Imo kwenye mfuko wa turubai chini ya kitanda changu, safi kuliko walivyoiacha. Kesho sipitii nyumbani kwako kwanza, nitashukia getini kwa kiwanda. Nitamwambia meneja ukweli mtupu: kwamba mdogo wangu alinisaidia mimi, kwamba mimi ndiye nilipokea, na uzito wao huu hapa. Wapime wenyewe. Hapa kwetu mambo huisha hivyo, na huyo meneja anaonekana ni mtu mzima. Hawezi kumshikilia mtu wakati hajapoteza kitu.

Nakuomba radhi kwa yote. Fua shuka, pika anachopenda. Jioni atakula nyumbani.

Wifi yako


Mahabusu, 19 Mei

Dada yangu, shikamoo.

Wameniruhusu karatasi moja, nitaandika kwa herufi ndogo.

Niliambiwa ulikuja kuniona mara mbili na mara mbili nilikataa kutoka. Usidhani nakuchukia. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira mpaka sioni. Ya pili ilikuwa imeisha. Leo asubuhi imerudi kidogo, nikaona niandike kabla haijakua.

Hukujua, kwa hiyo nakueleza. Hawakuwa na kitu. Mhandisi mkuu mwenyewe alikuwa ameandika kwamba fedha hupungua kwenye kuyeyusha, na kwamba paneli mbovu hazitoi kiasi kilekile kila mara. Mimi sikusema neno tangu siku ya kwanza. Mwanasheria alisema bila fedha yenyewe na bila mtu wa kusema aliipokea, hakuna kesi. Asubuhi ile uliyoshuka kwenye basi walikuwa wananiachia. Nilisharudishiwa mkanda na viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nafunga kamba, simu ikalia mezani kwa askari. Nikamsikia anasema, "Mwanamke? Na mfuko? Anasema amekuja kurudisha?" Akanigeukia. Akaniambia nivue tena.

Meneja hakumdanganya wifi yako. Walitaka fedha yao. Hakuna aliyemwambia kwamba ikirudi wataniachia. Hilo tulilisikia sisi, kwa sababu tumelelewa kwenye karakana ile.

Wewe hawakukushika, mwanasheria anasema ni kwa sababu wanakuhitaji. Umeandikishwa shahidi wao. Utasimama upande ule, mimi upande huu, utaulizwa boksi lilitoka kwa nani, na utasema kweli, maana hujui kusema kingine ukiwa umebanwa. Sema tu. Sitakuangalia ili usiyumbe.

Jingine, uzito umezidi. Ulipoongeza ile ya usumbufu ulidhani unawafurahisha. Kwao, mwizi anayerudisha zaidi ya kilichopotea ana nyingine ambayo hawajaigundua. Wanahesabu stoo upya, tangu mwaka nilioajiriwa.

Wifi yako hajakuja wiki hii. Usimfuate, mwache.

Najua Baba anauliza. Anaona vizuri sasa, kwa hiyo kuwa mwangalifu na uso wako. Mwambie kiwanda kimeongeza zamu, na mimi nimepewa ya usiku.

Mdogo wako